Kobe wa Logo Hafundishi Peke Yake

Tangu Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walipobuni Logo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nchini Marekani mwaka 1967, watetezi wake wamesema kwamba mtoto anayeiamuru kompyuta hujifunza pia kufikiri. Dai hilo lina ukweli, ila limebebeshwa mzigo usiolingana nalo.

Ukweli wake huonekana mtoto anapomwongoza kobe, yaani ile alama inayochora mstari kila inaposogea kwenye skrini. Mraba haumsumbui: kobe asonge hatua 100, ageuke nyuzi 90, kisha arudie hivyo mara nne. Kazi ipo kwenye pembetatu yenye pande sawa. Mtoto aliyekariri kwamba kila pembe yake ina nyuzi 60 huandika 60, akarudia mara tatu, na kupata nusu ya umbo la pande sita. Akiinuka na kutembea mwenyewe kama kobe, hugundua kwamba kinachohesabiwa ni kiasi anachogeuka, yaani 120, wala si pembe inayobaki ndani ya umbo. Ugunduzi huo ni hisabati halisi, na ameupata kwa miguu yake.

Je, ugunduzi wa namna hiyo humfuata nje ya kompyuta? Roy Pea na Midian Kurland, katika utafiti wa miaka ya 1980, hawakuona kwamba watoto waliojifunza Logo walipanga kazi nyingine vizuri kuliko wenzao. Papert alijibu kwamba ni kosa kuipima kompyuta bila kutazama mazingira mtoto anamojifunzia. Naliona jibu hilo kuwa sahihi, lakini linamkata pia aliyelitoa: ikiwa mazingira ndiyo yanayofanya kazi, lugha haistahili kunadiwa peke yake. David Klahr na Sharon Carver walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto waliofundishwa waziwazi, hatua kwa hatua, namna ya kusaka kosa katika programu, waliweza pia kusahihisha maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa.

Scratch, lugha nyingine ya programu kwa watoto iliyotolewa mwaka 2007, imeondoa kero ya makosa ya tahajia, kwa kuwa mtoto huunganisha vipande vilivyokwisha kuandikwa amri. Hiyo ni nafuu kubwa kwa anayeanza, ingawa kipande chenye 60 huungana vizuri sawasawa na chenye 120.