Wiki moja tu ya kutamba

Jamani mi naomba niulize, hivi kutamba nako siku hizi kuna ekspaya kama bando la intaneti? Manake nimekaa hapa Columbus, Ohio, nasubiri timu yangu ya Ohio State imfunge Michigan kwenye futiboli ya Kimarekani, wakanifunga 2021, wakanifunga 2022 tena hapahapa nyumbani, 2023 kwao, 2024 nyumbani tena, ikawa kila Novemba ikiisha nazima simu nasingizia chaji, afu Novemba 29 mwaka 2025 ndo tukawafuata kwao Ann Arbor tukawatandika 27 kwa 9, theluji inadondoka, na hizo 9 zao zote za mateke, teke likipita kati ya nguzo ni pointi tatu, tachidauni, ile ya kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, hata ya dawa hawakupata. Nikasema basi, mimi na shemeji yangu ntaongea mpaka Pasaka. Pasaka wapi. Nilipata wiki moja. WIKI MOJA.

Ngoja nieleze kwa mlioko nyumbani msije mkadhani nimechanganyikiwa na baridi. Hii ni Ohio State, chuo. Wanafunzi. Sio mpira wetu wa miguu, ni ule wa kuvaa makofia magumu na kugongana vifua, na uwanja wa hao wanafunzi unameza watu zaidi ya 102,000, ule wa Michigan unapita 107,000, wakati kwa Mkapa pale tunaingia elfu sitini tunajiona tumejaa dunia nzima. Siku moja nikamuonyesha mama kwenye simu, video kol, nikamwambia mama ona watu, akaangalia weeee afu akaniuliza, "mwanangu, hao wanafunzi wanasoma saa ngapi?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Na mechi yenyewe eti ni robo nne za dakika 15, piga hesabu, saa moja. Nani kakudanganya. Ni masaa matatu na nusu bwana, manake kila wakisogea yadi mbili wanasimama, wanainamiana wananong'ona, refa anatupa kitambaa cha njano, wanaenda kuangalia marudio, yanakuja matangazo ya malori, yakiisha matangazo mpira unachezwa sekunde sita, matangazo tena. Mimi bima za magari za nchi hii nazijua kwa matangazo yote na mwenyewe yangu imelipwa kwa mbinde.

Sasa huyu shemeji. Ni kaka wa mke wangu, anakaa Michigan huko karibu na Detroit, anaendesha lori. Nyumbani alikuwa Simba, mimi Yanga, kwa hiyo ugomvi wetu haukuzaliwa Marekani, tulikuja nao kwenye begi. Alipofika tu akajiita mtu wa Michigan, chuo hajawahi kukanyaga hata kantini yake. Namuuliza shem, wewe Michigan inakuhusu nini, na yeye ananiuliza wewe Ohio State inakuhusu nini, namwambia mimi mtoto wangu yuko pale na ada nalipa mimi, kwa hiyo mimi ni mdau. Ile ada ndo inanipa haki ya kulalamika kuhusu safu ya ulinzi.

Na msidhani ni utani wa juzi. Hawa watu walianza kucheza 1897, na kabla hata ya mpira, mwaka 1835, Ohio na Michigan walishapeleka wanamgambo mpakani kugombania Toledo, mji huo, Ohio ikauchukua. Shemeji mpaka kesho anasema Toledo wanaidai. Kuna kocha wa zamani wa Ohio State, Woody Hayes, wanasimulia kwamba akiwa Michigan hakubali kununua petroli yao, afadhali gari lizimike asukume hadi mpakani kuliko kuwaachia senti. Mimi nafuata sunna hiyo. Nikienda kwa shemeji najaza tenki Toledo, nikifika kwake sizungukizunguki mjini, gari likae hapo, anataka twende dukani tuende na lake. Mke wangu anasema huo ni ubahili nimeupa jina la mpira. Haelewi.

Ikifika wiki yenyewe ya mechi ndo vituko. Pale chuoni herufi M zote wanazipiga X kwa utepe mwekundu, vibao, majina ya majengo, kila M. Sasa fikiria Mswahili. Sisi lugha yetu bila M tutaongea nini? Kwenye grupu letu la Watanzania wa Columbus tukakubaliana wiki nzima M hakuna, tunaweka X, "jaxani xbona kixya", "xchango wa xsiba ni dola haxsini", mpaka hapo tunacheka. Kosa ni kwamba zile meseji vidole vilishazoea, nikamuandikia mama "Shikaxoo xaxa". Akampigia dada yangu anamwambia kaka yako kadukuliwa, msimtumie hela. Mama! Lini mlinitumia hela?

Turudi kwenye machungu. 2024 ndo iliniua. Tuko nyumbani, watu wa kamari wametupa ushindi wa pointi karibu ishirini, shemeji kaja kwangu Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, na familia nzima, kala bata mzinga wangu, kakaa kwenye kochi langu, na Michigan yake ile mbovu ikashinda 13 kwa 10. Kumi! Timu imejaa mamilioni ya dola inafunga pointi kumi! Afu wakachukua bendera yao wakataka kuichomeka katikati ya uwanja wetu, ngumi zikalia, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, kila chuo kikapigwa faini dola laki moja. Shemeji hakusema neno. Alijisogezea tu sahani akauliza kama pilau imebaki.

Na hapa ndo watu hawanielewi. Timu hiyohiyo, ileile iliyofungwa, ikaingia kwenye mchujo wa timu 12, ndo mara ya kwanza wanacheza hivyo, ikampiga Tennessee, ikampiga Oregon, ikampiga Texas, na Januari 20 mwaka 2025 kule Atlanta ikamfunga Notre Dame 34 kwa 23. Mabingwa wa nchi nzima! Nampigia shem, naringa, sauti nimeitengeneza kabisa. Akaniambia "hongera sana shemeji. Lakini sisi mlitufunga?" Nikakata simu. Ubingwa wa Marekani nzima, eneo kubwa hivi, hauna thamani mbele ya mtu mmoja anaendesha lori.

Wakati Michigan wenyewe ubingwa wao tunajua ulivyopatikana. Msimu wa 2023 ilibainika kuna jamaa kwenye benchi lao alikuwa ananunua tiketi za mechi za timu nyingine anapeleka watu wakarekodi kwa simu ishara za makocha, kocha wao Harbaugh akafungiwa mechi tatu za mwisho za msimu wa kawaida, na bado wakatufunga bila yeye, wakachukua kombe, yeye akaenda zake kufundisha ligi ya kulipwa Los Angeles. Agosti 2025 NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, wakaja na adhabu zao za faini faini, kombe likabaki kabatini. Shemeji ukimgusa hapo anakuwa wakili, ushahidi uko wapi, nani kaona. Mtu alinunua tiketi kwa jina lake!

Kwa hiyo muelewe ile 27 kwa 9 ilikuwa ni nini kwangu. Nililala na jezi. Kazini ghalani nikawa naendesha folklifti napiga honi bila sababu, supavaiza akaniita akauliza kuna nini, nikamwambia twenty-seven nine, akanigongesha ngumi akaniacha. Shemeji nimemtumia picha, nimemtumia voisi, nimemtumia stika ya yule mtoto anayelia, kanyamaza kimya. Raha sana.

Jumamosi iliyofuata, Desemba 6, fainali ya ligi yetu, tunacheza na Indiana. INDIANA. Hebu wasomaji mnielewe, Indiana kwenye futiboli ni kibonde wa kuzaliwa, wale ni watu wa basketi, kutufunga sisi mara ya mwisho ilikuwa 1988, ubingwa wa ligi mara ya mwisho 1967 tena wa kugawana na wenzao. Mimi siku hiyo hata jezi sikuvaa, nilivaa tisheti ya kawaida ya msiba wa jirani. Wakatufunga 13 kwa 10. Zimebaki dakika mbili na kitu tukapata teke la kusawazisha la yadi 27, yadi 27 tu, tukakosa. Simu ikaita mpira bado haujatua. Shemeji. Wiki nzima yuko kimya, kumbe alikuwa anajaza mapafu.

Eti sasa yeye ni Indiana. Kahamia. Anajua jina la kocha, Cignetti, anajua kwotabeki wao, yule mrusha mipira, Mendoza, alitokea chuo gani California, anajua mpaka babu na bibi zake walitoka Kuba. Na hao Indiana hawakuishia hapo, sisi tukaenda tukafungwa na Miami 24 kwa 14 mkesha wa mwaka mpya, wao wakamchapa Alabama 38 kwa 3, Januari 19 wakamfunga na huyo Miami fainali 27 kwa 21, mechi 16 ushindi 16. Nani anakumbuka tena kwamba mimi nilimfunga Michigan? Hata magazeti ya hapahapa Columbus yalishasahau. Mimi peke yangu ndo nimebaki na picha ya skoa kwenye simu.

Na habari zingine za mchezo huu ndo zinanimaliza. Ligi inaitwa Big Ten, Kumi Kubwa, ina timu 18. Nyingine inaitwa Big 12, ina timu 16. Hivi ni vyuo vikuu jamani, wana maprofesa wa hesabu mle ndani. Kuna ligi ya Pwani ya Atlantiki, imewachukua Stanford na California ambao dirishani wanaiona Pasifiki. Timu ya Los Angeles inapanda ndege karibu kilomita 4,000 kwenda New Jersey kucheza mechi ya ligi, Jumatatu mtoto ana mtihani wa kemia. Mama yuko sahihi, wanasoma saa ngapi?

Siku hizi na wenyewe wanalipwa, waziwazi, tangu Juni 2025 mahakama ikaruhusu vyuo kugawana na wachezaji mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mi siwalaumu, wanaumizwa goti pale watu wanauza jezi zao. Ila dirisha la usajili likifunguliwa hulali, umempenda kijana, umenunua jezi yenye namba yake dola mia na kitu, asubuhi unaambiwa kahamia kwa wapinzani. Jezi unaipeleka wapi? Niliituma Mbagala, sasa hivi kuna mpwa wangu anachezea ndondo na jezi ya mtu aliyenisaliti.

Makocha ndo usiseme. LSU, chuo cha Louisiana, walimfungashia virago kocha wao Oktoba 2025, mkataba unasema wanamdai, samahani, yeye anawadai, zaidi ya dola milioni 50. Za kuondoka! Za kukaa nyumbani! Mimi nilipoondolewa kwenye ghala la kwanza walinipa boksi la kubebea vitu vyangu na boksi lenyewe mlinzi akaniomba nilirudishe. Kocha wetu Ryan Day analipwa zaidi ya dola milioni 12 kwa mwaka, sina neno naye, Novemba alinifurahisha, lakini kwa hela hiyo hata mimi ningeweza kumwambia mpigaji alenge katikati.

Kidogo nilichocheka msimu ule ni Notre Dame. Wameachwa nje ya mchujo, kaingizwa Miami, wakakasirika, wakasusa. Wamesusa kabisa kucheza mechi nyingine yoyote, wakafunga mabegi. Chuo cha mapadri kinasusa! Nilimpigia shemeji tukacheka pamoja dakika nzima, ndo siku pekee mwaka huo tulielewana, afu akanikumbusha yadi 27.

Mwaka huu wa 2026 Michigan wanakuja kwetu, Novemba 28, Jumamosi ya Thanksgiving kama kawaida, na naambiwa itakuwa saa sita mchana, nyumbani kwenu saa mbili usiku, muda mzuri kabisa. Nimeomba ruhusa kazini mapema. Jana mke wangu ananiambia send-off ya mtoto wa dada yake imepangwa siku hiyo. Nikamuuliza siku gani? Siku hiyo. Ukumbi umeshalipiwa, vitenge vya sare vimeagizwa, mimi ni mwenyekiti wa kamati na shemeji kama mjomba wa binti ndo mweka hazina. Nikampigia shem nikidhani atacheka, akakaa kimyaaa, afu akasema, "mwenyekiti, hii tarehe aliipitisha nani?"

Tumeitisha kikao cha dharura. Hoja ni moja, kukodi projekta. Mama Neema kasema projekta iko kwenye bajeti tayari, ya kuonyeshea picha za bibi harusi akiwa mdogo.