Msikiti Ulioelekea Shelisheli

Wazee wa msikiti mmoja karibu na Wete walitaka kuongeza safu mbili nyuma, wakaniomba niwapimie fisabilillahi. Nikaazima GPS kwa rafiki, ile ya mashine mbili: moja inasimama kwenye miguu yake mitatu haiguswi, nyingine unatembea nayo juu ya fimbo. Asubuhi nzima nilizunguka, watoto wa chuoni wakinifuata nyuma kama wanasindikiza bwana harusi. Nikachukua kona za ukuta, mihrabu, birika la udhu lililo mkono wa kushoto, kisima, hadi mnazi. Pointi 64.

Usiku nikaliingiza faili kwenye Civil 3D, programu ya kuchorea ramani. Ikataka kujua namba za kila pointi zimepangwaje: PNEZD au PENZD? Yaani inatangulia ya kaskazini au ya mashariki? Herufi mbili tu zimepishana, umeme umekatika, betri inakwisha, na mimi nasinzia. Nikachagua PNEZD.

Skrini nyeusi tii. Nikaandika Z, kisha E, amri ya kuonyesha mchoro wote, msikiti ukajitokeza, vitone vyote 64. Nikaunganisha mistari, nikaandika majina, nikajipongeza kwa chai ya mkandaa.

Ijumaa baada ya swala nikaitandaza ramani barazani. Imamu akavaa miwani.

"Mwanangu, mshale huu ndio kaskazini?"

"Ndio, shekhe."

"Na hii ndiyo mihrabu?"

Pemba imekaa kusini ya Makka karibu moja kwa moja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Hilo hata mtoto wa chuoni analijua. Mihrabu yangu ilikuwa inatazama mashariki.

"Huku kuna nini?" akauliza.

"Bahari, shekhe."

"Na ukishaivuka?"

Mzee mmoja, baharia mstaafu, akanijibia: "Shelisheli."

Baraza zima likaangua kicheko. Nikajitetea kwamba mshale ndio nimeuweka vibaya, tuigeuze karatasi robo tu. Tukaigeuza. Mihrabu ikakaa kaskazini, nikapumua. Imamu akaweka kidole upande wa pili.

"Na birika limehamia kulia lini? Mimi alfajiri nimetawadha kushoto."

Jasho likanitoka. Ramani iliyozunguka unaizungusha, lakini hii ilikuwa imepinduka kama uso kwenye kioo. Faili langu lilitanguliza mashariki, programu ikaambiwa ni kaskazini, nayo ikatii. Maandishi, kwa hila zake, yakabaki yanasomeka sawasawa! Na namba zenyewe zilikuwa zinapiga kelele: kwetu ya mashariki ina tarakimu sita, laki tano na themanini elfu hivi; ya kaskazini ina saba, milioni tisa na ushei, kwa kuwa ikweta imepewa namba ya mita milioni kumi nasi tuko kusini yake. Nilizitazama usiku kucha nikaziona mapambo.

Nikarudi nyumbani nikachagua PENZD, nikachora upya. Safari hii imamu aliiweka ramani chini, akavua viatu, akasimama juu yake kuelekea kibla, akanyoosha mkono wa kushoto. Birika. Akaitikia kwa kichwa.

Ile ya kwanza hajanirudishia. Anajipepea nayo barazani, na kila nikipita huniita: "Nahodha! Tunang'oa nanga lini?"