Kati ya "hawezi" na "hajaweza"

Ripoti za shule zinapofika nyumbani mwishoni mwa muhula, pale chini penye maoni ya mwalimu wa darasa, utakuta maneno mawili: "Aongeze bidii." Aliyepata 81 kaandikiwa aongeze bidii, na aliyepata 12 kaandikiwa vivyo hivyo. Nimeyaandika mwenyewe mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, enzi nikifundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili. Nayarudia leo kwa sababu naamini yanaonyesha ni wapi mjadala wa mtazamo wa kukua ulipopotea njia.

Wazo lenyewe wengi wameshalisikia. Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alilieneza kwa kitabu chake cha mwaka 2006: wapo wanaoamini akili ni kipimo ulichozaliwa nacho, na wapo wanaoamini uwezo hukua kwa kujifunza, kwa kubadili mbinu na kwa kusaidiwa, na huo ndio mtazamo wa kukua; imani hizo mbili humfanya mtu apokee kushindwa kwa namna tofauti. Tangu hapo wahamasishaji wamelichukua wakalitembeza kumbi zote: badili fikra, maisha yatabadilika. Wakosoaji nao wakajibu kwa hasira kwamba huko ni kumtwisha mnyonge lawama za mfumo uliomwangusha.

Hoja ya wakosoaji ni nzito na sitaipita juu juu. Mchukue mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania. Darasa la sita alijua kutafuta kigawe kidogo cha shirika, alijumlisha sehemu, alielewa. Miaka michache baadaye yuko kidato cha kwanza, hesabu zilezile zinafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi jana ilikuwa kwake somo moja tu kati ya mengine. Wako 80 au 90 darasani na mwalimu wa hesabu ni mmoja. Kwa miaka mingi, kati ya watahiniwa wa kidato cha nne, wanaofaulu hesabu ni takriban mmoja katika kila wanne au watano. Mtoto huyo ukimsimamisha ukamwambia "amini kwamba unaweza", umempa nini?

Tafiti nazo hazikuwa rafiki kwa wahamasishaji. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia wakakuta uhusiano kati ya mtazamo huu na ufaulu ni dhaifu kwa jumla, ingawa wanafunzi wa familia maskini na walio hatarini kufeli walionekana kunufaika zaidi. Mwaka uliofuata, Uingereza ikatoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika shule 101 za msingi: watoto waliofundishwa mtazamo wa kukua hawakuwapita wenzao katika hesabu wala kusoma. Watathmini walieleza pia kwamba walimu wengi wa shule za kulinganishia, zisizopewa mafunzo hayo, walikuwa tayari wanalijua wazo hilo na kulitumia, jambo ambalo huenda lilififisha tofauti. Lakini matokeo ni matokeo.

Basi kuna namba moja ambayo imenikaa kichwani kwa miaka. Mwaka 2019 David Yeager, Dweck na wenzao walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya wanafunzi 12,000 wa darasa la tisa katika shule za umma za Marekani. Walipewa somo fupi kwenye kompyuta, vipindi viwili visivyofika saa moja kwa jumla, kuhusu jinsi ubongo unavyojijenga unapokabiliana na jambo gumu. Wanafunzi waliokuwa wakifanya vibaya walipanda kwa pointi 0.10 katika wastani wao wa madaraja.

Sehemu moja ya kumi ya pointi, tena katika mizani ambayo kilele chake ni kama 4. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikitika, nilitarajia muujiza. Wakosoaji huishika namba hiyo na kuuliza kama kelele zote hizi zilikuwa kwa ajili ya hicho tu. Kisha nikaanza kuipima kwa mizani ya kazi niliyoifanya. Saa moja haifiki vipindi vyangu viwili vya hesabu, na nimefundisha mamia ya vipindi. Ni vipindi vyangu vingapi vinavyoweza kudai kwamba miezi kadhaa baadaye viliinua wastani wa mwanafunzi dhaifu hata kwa kiasi hicho, tena katika masomo yote ya msingi na si somo moja? Tena miongoni mwa wanafunzi hao, idadi ya wenye wastani wa D au F ilipungua kwa takriban pointi 5 za asilimia. Katika darasa la wanafunzi dhaifu 40, hao ni wawili. Ukiwa mzazi wa mmoja wao, hutaiita namba hiyo ndogo.

Ila namba hiyo ina upande wa pili, na huo ndio unaonigusa zaidi. Haikutokea sawasawa kila mahali. Uchambuzi wa data hizohizo uliochapishwa mwaka 2022 uliwatazama walimu wa hesabu. Pale mwalimu mwenyewe alipoamini kwamba uwezo hukua, alama za wanafunzi wake zilipanda baada ya lile somo fupi. Pale mwalimu alipoamini kwamba hesabu zina wenyewe, somo hilo halikuzaa kitu cha kuonekana. Mtoto mmoja mwenye imani mpya, akiwa mbele ya mtu mzima mwenye imani ya zamani, anashindwa. Wahamasishaji wamekuwa wakihubiria watu wasio sahihi.

Sisi walimu na wazazi tuna lugha yetu ya kuwapanga watoto. Shuleni kuna kipanga na kuna kilaza, na mtoto huyajua majina hayo mapema, tena hujua lipi ni lake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck walionyesha kwamba jina zuri nalo linaweza kuumiza. Watoto wa miaka kumi hivi waliosifiwa kwa akili zao baada ya kufanya vizuri walianza kukwepa maswali magumu, na zaidi ya theluthi yao walidanganya alama walizopata walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine. Kipanga analinda jina lake kama kilaza anavyolibeba lake. Nimewaona wote wawili wakinyamaza kwenye dawati moja, kila mmoja akiogopa kuuliza.

Kazini ni hivyohivyo. Kampuni ya Microsoft hutajwa sana kama ushahidi wa mtazamo wa kukua, kwa kuwa Satya Nadella alipoanza kuiongoza Februari 2014 aliufanya kuwa msingi wa utamaduni wake. Kinachosahaulika ni kwamba Novemba 2013, kabla hajakikalia kiti hicho, kampuni ilikuwa imeufuta mfumo wa kuwapanga wafanyakazi kwa madaraja, ambao ulilazimisha katika kila timu baadhi yao waonekane wabovu. Sidhani kama hotuba yoyote ingefaulu huku mfumo ule ukiendelea. Nani angekubali kuonyesha asichokijua, akijua mwisho wa mwaka lazima mtu awekwe mkiani?

Kwa hiyo Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na watahiniwa bora, kwa maelezo kwamba utaratibu huo hauna tija, mimi nilifurahi. Waliopinga walisema ushindani huchochea juhudi, na kwa wale kumi wa juu pengine walisema kweli. Nilikuwa nawafikiria wale wengine, ambao baadhi ya shule zetu bado zinawasomea nafasi zao mbele ya paredi, kuanzia wa kwanza hadi wa 87.

Sasa turudi kwenye "aongeze bidii". Mwaka 2015 Dweck mwenyewe aliandika kulalamika kwamba wazo lake limegeuzwa kuwa kusifu juhudi basi, hata pale mtoto asipojifunza chochote. Huyo mtoto aliyepata 12 pengine anakesha na daftari. Anarudia njia ileile yenye kosa lilelile, na sisi tunamwagiza airudie zaidi. Akishindwa tena baada ya bidii hiyo, atakuwa amepata ushahidi kwamba kweli yeye ni kilaza, na ushahidi huo tumempa sisi.

Dweck hupenda kusimulia shule moja ya Chicago ambako mwanafunzi ambaye hakufaulu somo huandikiwa kwamba bado hajafika, badala ya kuandikiwa kwamba amefeli. Waingereza na Wamarekani wanahitaji kuliongeza neno "bado" pembeni. Sisi tumelibeba ndani ya kitenzi. Hawezi ni hukumu. Hajaweza ni habari ya mtu aliye njiani, na kinachoibeba ni silabi moja, "ja", tunayoitamka kila siku tukisema mgeni hajafika au wali haujaiva.

Leo ningepewa ile nafasi ya maoni ningeandika hivi: "Hajaweza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Anajumlisha asili kwa asili, mara tatu mfululizo. Aanzie hapo likizo hii, akirudi tutazame pamoja." Kuandika hivyo kwa wanafunzi 90 kunamtaka mwalimu alijue kosa la kila mmoja wao, na hapo wakosoaji nawapa haki yao yote: huyo mwalimu apewe kwanza darasa ambalo anaweza kulisahihisha.