Wakorea wanakicheka Kiingereza, sisi tunachekana

Naishi Busan, mji wa bandari kusini mwa Korea. Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu huuliza habari za baridi, mishahara na treni ziendazo kasi, na hayo nawajibu. Kuna jambo moja hawajawahi kuniuliza, nalo naliona lingetufaa kuliko treni: namna Wakorea wanavyocheka wao kwa wao wanapolazimika kusema Kiingereza mbele ya mgeni. Nimelitazama ofisini, sokoni na kwenye basi, na kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyozidi kuwaza ya nyumbani.

Mkorea yeyote aliyepita shule anayajua mazungumzo haya ya kitabuni: "Hau a yu?" "Aim pain, tenkyu. Endi yu?" Kikorea hakina sauti ya f, kwa hiyo mtu anayetaka kusema yu mzima anasikika kama anayelalamika maumivu. Kiingereza kinafundishwa kuanzia darasa la tatu tangu mwaka 1997, na waliosoma kabla ya hapo walikikuta sekondari, lakini wote walikariri jibu lilelile. Ndiyo maana kuna kichekesho ambacho huku karibu kila mtu anakijua. Mkorea yuko Marekani, gari lake linatumbukia bondeni. Polisi anafika ukingoni, anapaza sauti: "Hau a yu?" Yule bwana damu inamtoka, mguu umevunjika, naye anajibu kama alivyofundishwa: "Aim pain, tenkyu. Endi yu?" Polisi anaondoka zake.

Mara zote nilizokisikia, msimuliaji alikuwa Mkorea, wasikilizaji Wakorea, na mimi niliyekaa pembeni ndiye niliyewakumbusha. Sasa angalia anayechekwa hapo ni nani. Si mtu fulani aliyekosea jana. Linachekwa darasa zima, na kitabu, na mwalimu aliyekuwa akigonga ubao kwa fimbo ili wote waitikie kwa pamoja. Mzee aliyestaafu na binti wa chuo wanacheka meza moja kwa sababu wote walikalia dawati lile.

Halafu kuna "du yu no", yaani "je, unajua?". Miaka ya nyuma mgeni mwenye jina akitua Seoul, waandishi wa habari walimsogezea maikrofoni wakamuuliza kama anaijua kimchi, kabichi yao iliyochachushwa, kama anamjua Park Ji-sung wa mpira, na kuanzia mwaka 2012 kama anamjua Psy wa muziki. Wakorea wenyewe wakaanza kuona haya. Lakini badala ya kuificha ile haya, vijana wakaifanya utani wa taifa. Sasa wanayo "klabu ya du yu no", orodha ya Wakorea ambao mgeni hawezi kuachwa bila kuulizwa kama anawajua: Kim Yuna wa kuteleza kwenye barafu, Son Heung-min wa mpira, kundi la muziki la BTS, mwongoza filamu Bong Joon-ho. Mkorea mwingine akifanya makubwa nje ya nchi, watu wanajadiliana kama ameshastahili kuingia klabuni. Ofisini kwetu kimchi ikitua mezani, kuna mwenzangu hunigeukia na sura ya mtangazaji wa televisheni: "Du yu no kimchi?" Meza nzima inaangua kicheko, maana kila mmoja pale anajua kwamba kimchi naila kila siku ya Mungu.

Utani huo una akili. Unaigusa ile hamu ya nchi nzima kutaka kusikia sifa kutoka kinywani mwa mgeni. Hamu hiyo na sisi tunayo. Mtanzania gani hajawahi kumuuliza mgeni kama anaujua mlima Kilimanjaro, akapandwa na presha mgeni aliposema uko Kenya?

Busan kuna soko la samaki liitwalo Jagalchi, kubwa na la zamani, na wauzaji wengi ni akina mama wa makamo na wazee, wamevaa aproni za mpira na mabuti, kila mmoja na matangi yake ya maji. Siku moja nilisimama kwa mama mmoja nikamuuliza kwa Kikorea bei ya pweza. Akanitazama usoni, akavuta pumzi, akanijibu kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho: "Pipti tausen! Beri delisyasi! Okei?" Jirani yake aliyekuwa anaparua samaki akaweka kisu chini, akajipiga mapaja kwa kicheko, akamuuliza amerudi lini kutoka Marekani. Mama hakurudi nyuma. Alimwinua pweza juu kama kombe la dunia, akarudia bei kwa sauti zaidi, kisha akanitilia kome kiganja kizima kwenye mfuko na kusema "Seobiseu!", jina wanaloiita nyongeza ya bure. Nikamshukuru kwa Kikorea chenye lafudhi ya Busan, na hapo tukacheka wote watatu. Sikuona aliyeaibika. Mama alifurahia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu ya mtaa, na hata jirani yake, kwa maneno yake yote, alikuwa anamsifia uthubutu.

Kwa nini wao wanaweza? Mimi naona ni kwa sababu Kiingereza hakikuwa lugha ya mkoloni wao. Tangu mwaka 1910 hadi 1945 walikuwa chini ya Japani, na lugha waliyolazimishwa ni Kijapani. Mwishoni Kikorea kiliondolewa shuleni na watu wakashinikizwa kuchukua majina ya Kijapani. Kidonda chao cha lugha kiko huko. Kiingereza kilikuja kwa njia nyingine: mwaka 1886 mfalme alifungua shule iliyofundishwa na walimu kutoka Marekani, na mwaka 1945 wakaja wanajeshi wa nchi hiyohiyo. Muhimu kuliko yote, mtoto wa Korea anasoma kwa Kikorea kuanzia darasa la kwanza. Daktari anamweleza mgonjwa kwa Kikorea, hakimu anaandika hukumu kwa Kikorea. Profesa wa kemia akichapia Kiingereza mbele ya wageni, hakuna anayetilia shaka kemia yake.

Sisemi kwamba hawateseki. Kila Novemba kuna mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, na watahiniwa wanapofanya sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala hazitui nchi nzima kwa dakika 35. Wazazi wanatoa fedha nyingi kwa hagwon, vituo vya masomo ya ziada ambako watoto hukaa hadi usiku. Wana hata jina la ile hali ya tumbo kuvurugika mtu anapoona mgeni anamsogelea na ramani mkononi; wanaiita "ulleongjeung" ya Kiingereza, na nimewaona watu wazima wenye suti wakihama upande wa pili wa jukwaa la treni. Kicheko ninachokisifu kimetoka humohumo kwenye hofu. Waliogopa wote, wakajua kwamba wanaogopa wote, na wakaanza kusimuliana.

Nyumbani mambo yako kinyume, na hapa ndipo roho inaponiuma. Kukariri tumekariri kama wao. "Gudi moningi, ticha!" "Hau a yu?" "Wi a fain, tenkyu, ticha!" Watoto wa barabara ya kwenda Pangani humwimbia mtalii wimbo huo hata saa kumi na moja jioni, na mtalii hana chaki wala darasa. Tungeweza kuwa na kichekesho chetu cha bondeni siku nyingi. Badala yake tunamvizia mtu mmoja. Mbunge akikwama, mrembo akijibu swali vibaya jukwaani, mchezaji akihojiwa baada ya mechi na maneno yakamkatikia, kesho video yake iko kwenye kila kundi la WhatsApp. Tunasema kachapia. Tunasema ana Kiingereza cha kuombea maji. Wengi wanaoisambaza video hiyo, ukiwawekea maikrofoni, sentensi ya tatu hawaifikii.

Wanajua hivyo, na naamini ndiyo sababu wanacheka kwa nguvu. Kwetu Kiingereza kimewekwa mlangoni. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na ghafla Biolojia, Jiografia na Hisabati zote zimegeuka lugha. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilizungumzia Kiswahili kutumika kufundishia ngazi zote, lakini sekondari bado ni Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo nililolishangilia nikiwa huku ugenini. Hata hivyo, mtu akienda kuomba kazi ya maana bado anapimwa kwanza kwa ung'eng'e, ujuzi wake baadaye. Katika hali hiyo, kumcheka aliyechapia ni njia ya kutangaza kwamba mimi si yeye, mimi nilipita.

Wala si kwamba hatuwezi kulimiliki neno la watu. Dereva wa daladala anakuelekeza ushuke "kipilefti" na hana habari na kibao cha Mwingereza kilichosimikwa pale zamani. Wakorea wamefanya vilevile na "hwaiting", yaani "fighting" ya Kiingereza waliyoigeuza kelele yao ya kutiana moyo, wamelitumia kwa raha zao mpaka kamusi ya Kiingereza ya Oxford ikaiingiza "fighting" kwa maana yao mwaka 2021 pamoja na maneno mengine kutoka Korea. Sisi raha hiyo tunayo kwa maneno. Kwa mtu anayeyasema, hatuna.

Na ajabu ni kwamba upole wenyewe tunao, ila tumemwekea mgeni. Mchina wa Kariakoo anayepatana bei kwa Kiswahili kilichopinda tunamsikiliza mpaka mwisho, tunamsahihisha kwa tabasamu, tunampa jina la mtaani. Mzungu akijibu "poa" baada ya "mambo", watu wanapiga makofi. Mgeni akichapia Kiswahili tunamsaidia. Ndugu yetu akichapia Kiingereza tunamrekodi.

Kwa mgeni, kwa kweli, sisi tumewazidi Wakorea mbali. Huku uso wako ndio unaoamua lugha utakayosemeshwa. Nina rafiki kutoka Bujumbura anayefanya kazi kiwandani Gimhae, jirani na Busan. Anajua Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kikorea alichojifunzia kwenye mashine, tena kizuri. Kiingereza hana. Kila anapoingia dukani anarushiwa "helo", "wea a yu purom", na watu wanacheka wakisubiri naye acheke. Utani wao wote umejengwa juu ya dhana kwamba yeye ndiye mwenye lugha ile. Ameniambia mara nyingi kwamba anatamani mtu mmoja tu amsalimie "annyeonghaseyo" kama anavyowasalimia wengine. Nchi ina wageni zaidi ya milioni 2 sasa, wengi wao hawakuzaliwa na Kiingereza, na bado kichekesho hakijajifunza kuwatazama.

Kuna na sura nyingine ambayo siipendi hata kidogo. Kwenye mlo wa jioni wa ofisi bosi akishachangamka, humwamuru kijana wa chini kabisa aseme kitu kwa Kiingereza kwa ajili yangu. Kijana anasimama, masikio mekundu. Wote wanacheka, yeye hacheki. Korea ukubwa wa umri na cheo una nguvu kama kwetu, hawezi kukataa. Kichekesho kilekile cha bondeni kimegeuka adhabu, kwa sababu sasa kuna mmoja aliyetolewa mbele ya wenzake. Huwa nawahi kumsalimia mimi kwa Kikorea, nikimtaja kwa jina na heshima yake, tukaanza kuzungumza, naye akapata nafasi ya kukaa.

Mtoto wa kaka yangu ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, majibu ya Biolojia nayajua, ila sinyooshi mkono, wanasubiri nichapie." Nilimsimulia habari ya polisi na yule bwana wa bondeni. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniuliza kama sisi tunacho cha kwetu. Nilimwambia tunacho nusu, ule wimbo wa "gudi moningi, ticha", ila hajatokea mtu wa kukaa chini na kuumalizia. Wachekeshaji wetu wana vipaji, nawafuatilia nikiwa huku na wananiondolea upweke. Nawaomba wamwache mbunge aliyechapia, watutungie cha darasa zima. Wakikitoa, cha kwanza nitakitumia kwenye simu ya yule mtoto Tanga.