Neno "walijitolea" halifai chini ya picha ile

Mhariri, maelezo yaliyo chini ya picha ya wanamgambo wa Nebaj, Guatemala, yanasema kwamba wanaume hao Wamaya, wenyeji asilia wa nchi hiyo, "walijitolea", ilhali doria za raia walizotumikia, zilizoanzishwa na jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya waasi, zilikuwa za lazima, na aliyekataa zamu alihesabiwa kuwa mwasi. Tazameni mikono yao: mmoja ana bunduki kuukuu, wa pili panga, wa tatu fimbo tu. Hata hivyo tume ya ukweli iliyochunguza vita hivyo, katika ripoti yake ya 1999, iliwahusisha wanadoria na asilimia 18 ya ukiukaji wa haki za binadamu ilioorodhesha. Mpiga picha (nani alisimama nyuma yake hatuonyeshwi) amenasa watu walioogopa na kuogopwa kwa wakati mmoja.