Panya au mtu? Swali la kwanza katika kusaka chanzo cha maambukizi

Mwanzoni mwa 2018 hospitali za Nigeria zilipokea wagonjwa wa homa ya Lassa, ugonjwa wa kirusi kinachobebwa na panya, wengi kuliko zilivyozoea, na mwaka ulipokwisha waliothibitishwa walikuwa zaidi ya 600. Hofu ilikuwa moja kati ya mbili: ama kirusi kimebadilika, ama kimeanza kusambaa kati ya watu. Katika hospitali ya Irrua, jimbo la Edo, watafiti walisoma vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa kwa kutumia kifaa kidogo cha kushika mkononi, wakawapa wakuu wa afya majibu huku mlipuko ukiendelea. Virusi vilitofautiana mno kuweza kuwa vimepokezanwa na wagonjwa hao. Wengi wao waliambukizwa kila mtu kivyake, kutoka kwa panya.

Mwishoni mwa mwaka huohuo, katika kijiji cha Epuyén kusini mwa Argentina, kirusi cha Andes, cha jamii ya hanta ambayo nayo hubebwa na panya, kilitoa jibu kinyume kabisa. Vinasaba vilionyesha kwamba kilitoka kwa panya mara moja tu, kisha kikapita kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa wa kwanza alikwenda kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa yenye wageni wapatao 100 akiwa tayari ana homa, na watano kati yao wakaugua. Hadi kirusi kinadhibitiwa mwaka 2019, watu 34 walikuwa wameugua na 11 wamefariki.

Kesi hizi mbili ndizo zinazonifanya niamini kwamba kusaka chanzo kunafaa gharama yake. Lakini wanaopinga wana hoja, na si hoja nyepesi.

Hoja yao ya kwanza ni muda. Dalili za Lassa zinaweza kuchelewa hadi wiki tatu. Za hanta hata wiki kadhaa. Mgonjwa anapoulizwa alifagia stoo gani au alilala wapi mwezi uliopita, anajibu kwa kubahatisha, na panya aliyekojoa kwenye gunia lile huenda keshakufa. Pili, Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 80 ya wanaopata Lassa hawaugui sana au hawaoni dalili kabisa, kwa hiyo mnyororo unaochorwa na wachunguzi una mapengo tangu mwanzo. Tatu, ushauri unajulikana: funika chakula, ziba matundu, usifagie mavi ya panya yakiwa makavu bali yaloweshe kwanza kwa dawa ya klorini ili vumbi lisipande. Kwa nini basi fedha za glavu na vitanda ziende kwenye mitego ya panya?

Na wana kesi ya kirusi cha Lujo. Septemba 2008 mgonjwa mmoja alisafirishwa kwa ndege kutoka Lusaka hadi Johannesburg. Mhudumu aliyesafiri naye, muuguzi, msafishaji wa hospitali na muuguzi mwingine wakaambukizwa. Kati ya watu watano, wanne walifariki. Kirusi ni ndugu wa Lassa, na mnyama anayekihifadhi hajapatikana. Mlipuko ulizimwa kwa kuwatenga wagonjwa na kuwafuatilia waliowagusa, bila kumkamata panya hata mmoja. Hoja hii siwezi kuipuuza.

Hata hivyo, kesi hiyo inathibitisha pia kile ninachokitetea. Kilichowaokoa wengine Johannesburg ni kujua kwamba wakati ule hatari ilikuwa mtu, si panya. Kujua hivyo ni sehemu ya kusaka chanzo, tena ndiyo sehemu ya kwanza. Ushauri si uleule. Kijiji kinachoambukizwa na panya kinahitaji maghala yanayofungika. Kijiji kinachoambukizana kinahitaji watu wakae nyumbani na mikusanyiko isimame, kama ilivyofanyika Epuyén. Ukikosea, unawafungia watu ndani ya nyumba pamoja na panya wenyewe.

Ninapokubaliana na wenye shaka ni juu ya ushahidi. Panya mwenye kirusi akinaswa chini ya kitanda cha mgonjwa, watu hudhani kesi imekwisha. Haijaisha. Lazima mitego iwekwe pia katika nyumba za jirani ambako hakuna aliyeugua, maana kama panya wa mtaa mzima wana kirusi, yule wa chumba kile hatuambii kitu. Na kirusi cha panya lazima kilinganishwe na cha mgonjwa, si kwa jina bali kwa vinasaba.

Hata kumtaja panya kwa jina la spishi hakutoshi. Panya shamba anayebeba Lassa Afrika Magharibi, Mastomys natalensis, ndiye huyuhuyu anayekula mahindi Morogoro. Huko, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimemchunguza kwa miongo mingi, anabeba kirusi kingine kilichopewa jina la Morogoro, ambacho hakijulikani kumletea mtu yeyote ugonjwa. Na kuelekea Gairo, ukoo mwingine wa panya haohao una kirusi chake tofauti. Spishi moja, hatari mbalimbali. Anayetangaza redioni kwamba "panya wa aina hii ana Lassa" bila kusema wa wapi anawatia watu wa Tanzania hofu isiyo na msingi.

Hofu hiyo ina gharama. Mwaka 1993, vijana wenye afya walipoanza kufa ghafla kwa kukosa pumzi kusini-magharibi mwa Marekani, magazeti yaliuita ugonjwa mafua ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na watoto wa shule wa Kinavajo wakakataliwa ziara yao California. Chanzo kilipatikana ndani ya wiki chache: kirusi cha hanta, kwa panya-paa wa eneo hilo, waliozaliana mno baada ya mvua nyingi kuleta mavuno mengi ya mbegu za misonobari. Wazee wa Kinavajo walikuwa wakisimulia uhusiano huo wa mvua, mbegu, panya na vifo kabla maabara haijasema neno. Nashangaa bado tunawaona wazee kama watu wa kuelimishwa tu, badala ya kuwa wa kwanza kuhojiwa.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachofuata baada ya chanzo kujulikana. Vijijini Guinea sumu ilijaribiwa kwa miaka kadhaa: panya wa ndani walipungua, kisha wakarudi. Wanazaliana haraka, na shamba liko mlangoni. Kwa hiyo uchunguzi unaoishia kwenye jina la mnyama umeishia njiani. Unapaswa kuuliza kwa nini mahindi yanalala chumbani na watu, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna ghala, au lipo na wezi wapo.

Fedha zikiwa chache, ningezigawa hivi: kwanza sampuli ya kila mgonjwa isomwe vinasaba ili ijulikane ni panya au mtu, halafu mitego, lakini kwa nyumba zenye wagonjwa na zisizo nao, na mwenye nyumba aliyewaruhusu watafiti kuweka mitego kando ya godoro lake aletewe majibu kabla hayajachapishwa kwenye jarida.