Tomcat wa Zamani Alivyonivunjia Heshima Kikobani

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja, ambaye hata hakuwepo, ameshasambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba nimewatukana akina mama wa kikoba kwa kutumia kompyuta, naomba na mimi nisikilizwe kabla hukumu haijasomwa. Mimi sikumtukana mtu. Aliyewatukana ni Tomcat, ile programu ya seva inayozipeleka kurasa za wavuti kutoka kwenye kompyuta yangu, tena yule wa zamani ambaye nilidhani tumeshaachana.

Mnaoandika programu kwa lugha ya Java mtanielewa upesi. Toleo la 9 la Tomcat nililisakinisha kama huduma ya Windows, yaani programu inayofanya kazi kimyakimya bila dirisha, na kwa uvivu wangu nikaliruhusu lijiwashe lenyewe kila kompyuta inapowaka. Baadaye nikahamia toleo la 10, lile lililobadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kuwa jakarta, nikaiandika upya programu yote ya hesabu za kikoba na kuiwasha kwa startup.bat, faili la kuwashia Tomcat. Nyumbani niliisimamisha ile huduma ya zamani, majaribio yakaenda kama maji, hata simu yangu ikafungua kurasa bila tabu. Jumapili, saa chache kabla ya kikao, Windows ikaamua kujisasisha, ikazima, ikawaka upya, na mwenzetu wa zamani akaamka nayo, akazikalia poti zake, 8080 ikiwemo, yaani milango ileile ambayo toleo jipya nalo huitumia.

Mimi nipo kikaoni kwa shangazi, sina habari. Kisanduku chenye kufuli tatu kipo katikati ya mkeka, wanachama wameshika simu, nami nabofya startup.bat kwa madaha ya mtaalamu. Dirisha jeusi likatokea, likapepesa, likatoweka. Nikajiambia kwamba limekwenda kufanya kazi nyuma ya pazia, kumbe lilikufa likilalamika kuwa anwani inatumika tayari. Nikafungua localhost:8080, na paka wa manjano, nembo ya Tomcat, akanipokea kwa pongezi zake za kufanikiwa kusakinisha. Namba ya toleo imeandikwa juu kabisa ya ukurasa ule, lakini niambieni ninyi, nani huisoma?

Nikaandika kwenye kipande cha boksi anwani ya programu ndani ya kompyuta yangu, ile inayoanza na 192.168, huku nikiwaeleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba wasiandike localhost, maana kwenye simu neno hilo humaanisha simu yenyewe. Walinisikiliza kwa heshima. Heshima hiyo ilidumu kama dakika mbili.

Ukurasa ukafunguka kwenye simu zote kwa mpigo, ukiwa na maandishi madogo kama chawa. Hapo ndipo moyo wangu uliposimama, kwa sababu programu mpya ya kikoba nilikuwa nimeiwekea ile meta ya viewport inayoiambia simu itumie upana wake halisi. Programu ya zamani haikuwa nayo, na bila hiyo simu huchukulia ukurasa kuwa wa kompyuta, ikaubana wote ndani ya kioo. Nikajua mara moja ni programu gani inayosomwa, na nikakumbuka ndani yake kuna nini.

Kuna majina ya majaribio. Nilitaka kuipima hesabu ya riba kwa madeni ya kweli, nikayanakili kutoka kwenye daftari la mweka hazina. Na kwa nia njema kabisa ya kutunza siri za watu, nikaondoa majina yao na kubuni mengine.

Shangazi aliweka vidole viwili kwenye kioo, akavitanua taratibu. Likatokea neno "Bi". Akasogeza kidogo kulia, likatokea "Sitalipa". Akasogeza tena, likamalizikia na "Mpaka Kiama". Mimi wakati huo nabofya startup.bat kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, na dirisha jeusi linapepesa na kutoweka, linapepesa na kutoweka. Shangazi akasogeza mpaka kwenye safu ya mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema kwa upole uliotisha kuliko ukali, "huyu Bi Sitalipa anadaiwa laki tatu na themanini na tano. Mimi nami nadaiwa laki tatu na themanini na tano. Ni ndugu yangu?"

Kikao kizima kikainama kwenye simu kutafuta deni lake. Kila mtu analijua deni lake. Mzee mmoja akajikuta ndiye Bwana Kesho-Kesho, na jirani yake akacheka mpaka alipofika mstari wa chini na kujiona yeye. Nikaifunika kompyuta kwa kishindo, kitendo kisichosaidia chochote, kwani ukurasa ukishafika kwenye simu hauhitaji tena seva, na wawili tayari walikuwa wameshaupiga picha.

Yaliyofuata ni mafupi: nililipa faini ya utovu wa nidhamu, nikamwamkia shangazi kwa magoti, na usiku huohuo nikaiondoa ile huduma ya zamani mpaka mizizi. Ila wiki haijaisha, shangazi amelipa deni lake lote mbele ya mashahidi, Bwana Kesho-Kesho akafuata, na jana mwenyekiti amenipigia simu kwa sauti ya chini, akiniuliza kama yale majina ninaweza kuyarudisha angalau mpaka mwisho wa mzunguko.